Kichwa cha Mama Honorine

Nyaya thelathini na mbili zilibandikwa kichwani mwa Mama Honorine, naye alishika rozari, akimwomba Bikira Maria ubongo wake usimwaibishe.

Yote yalianza kwa Papa Chishimba, mwongozaji wa kwaya ya parokia.

"Bongo ya miaka makumi sita iko sawa simenti ya kukauka," alimwambia mbele ya wote, siku Mama Honorine aliposema anataka kujifunza solfeji, yaani kusoma noti za muziki. "Kintu haiingie tena."

"Simenti banatoboaka, Papa."

Kwaya ilicheka. Papa Chishimba hakucheka. Siku hizo chuo kikuu cha Lubumbashi kilikuwa kinatafuta watu parokiani, kione kama kujifunza muziki hubadilisha ubongo. Basi akaapa: wakimpima Mama Honorine baada ya miezi sita na kukuta kichwa ni kilekile, mtu mwingine ataimba solo yake ya Pasaka.

Mama Honorine alisoma kila jioni, sala kwanza, kinanda cha kuazima baadaye. Lakini dalili zilikuwa mbaya. Kadiri alivyosoma, ndivyo alivyozidi kuona mkono wa Papa Chishimba ukipanda pale karatasi inaposema sauti ishuke. Miaka ishirini mtu anaongoza, akosee yeye? Alitubu kiburi chake kwa padri, akarudia somo la kwanza.

Siku ya majibu, kwaya nzima ilijaa katika chumba cha chuo kikuu. Lydie, binti aliyewapima, aliwasha skrini. Mstari wa buluu ulirukaruka kama mbuzi.

"Huyu ni Mama Honorine. Kichwa yake imebadilika kabisa! Noti ya uongo ikipita, anaishika mbio."

Vigelegele! Mama Honorine alipiga magoti palepale, katikati ya viti.

Papa Chishimba alikuwa tayari amesimama. "Basi, tumesikia! Ataimba! Twende, bandugu, tuko na repetisyo ya nyimbo."

"Ngoja kidogo, Papa," alisema Lydie. "Bado mustari mwekundu."

Mstari mwekundu ulilala kimya, umenyooka kama barabara ya kwenda Likasi.

"Huyu tulimupata mule mule mu kwaya, tumulinganishe na Mama. Ni yeye mwenyewe aliandika kwa fomu kwamba hakusomaka muziki hata siku moja." Lydie akaanza kupiga makofi. "Tumushukuru Papa Chishimba."