Bi Nguchiro Aingojea Mvua

Ngiri alijichimbia nyumba mpya bondeni, yenye mlango mpana wa kujivunia, kisha akatangaza kuuza ile ya zamani, iliyokuwa ndani ya kichuguu kilimani, kwa rundo moja la mihogo. Wanyama walikwenda kuitazama wakarudi wakicheka. Mlango ulikuwa umebomoka na kuta zimejaa nyufa.

Bi Nguchiro hakucheka wala hakusifu.

“Nitakujibu mvua ikinyesha,” alisema.

“Mama wee, nani hukagua nyumba mvuani?” Ngiri akamkejeli. “Njoo jua likiwaka uione vizuri!”

Mvua ilipomwagika, Bi Nguchiro alipanda kilimani, akaingia, akajilaza sakafuni akisikiliza. Maji yalipita pembeni yakateremka bondeni, na sakafu ikabaki kavu. Mlango utatengenezwa, aliwaza, na nyufa zitazibwa. Lakini kilima kama hiki angekipata wapi?

“Hodi, Bi Nguchiro! Hodi!”

Alikuwa Ngiri, matope hadi masikioni. “Maji yameingia kwangu mpaka kitandani,” alisema akitetemeka. “Nyumba hii... bado unaitaka?”

“Naichukua,” akajibu Bi Nguchiro, akisogea kumpisha. “Karibu ndani, mgeni wangu, ujikaushe.”