Mifupa ya Chini ya Jiko

Katika magofu ya nyumba ya kale, shimo la taka la bwana lilikuwa na mifupa ya mapaja ya mbuzi. La watumishi, kwato na mafuvu matupu. Sasa mchimbaji wa mambo ya kale ameokota mfupa wa paja la mbuzi uliofukiwa chini ya jiko la mpishi.

"Umeporomoka kutoka shimo la bwana," mkuu wake alisema, akaandika "Bwana" kwenye mfuko.

"Shimo lile liko nyuma ya nyumba. Mfupa haupigi kona, mzee."

Mchimbaji aliugeuza. Ulikuwa umeng'atwa na meno mapana, ya mtu mzima. Chini yake ulikuwepo mwingine, wa miaka ya nyuma zaidi, wenye alama za meno madogo zaidi. Akazidi kuchimba; alama za meno zikazidi kuwa ndogo.

Mfupa wa chini kabisa ulikuwa na vijishimo vya meno ya utotoni, vidogo kama punje za mchele.

Mchimbaji alikata "Bwana," akaandika: "Mtoto wa mpishi."