Jina Ubavuni

Badru alilivuta turubai mbele ya wanachama wote wa klabu ya pikipiki za Vespa, wakapiga makofi. Mkunga Sihaba hakupiga. Vespa aliyoiendesha miaka thelathini na moja, mvua na vumbi, akienda kuzalisha wanawake wa mji ule, ilikuwa imepakwa rangi mpya nyekundu, na ubavuni imeandikwa kwa herufi za dhahabu: Vespa ya Marehemu Mzee Shomvi.

"Nimemuenzi baba mkubwa," Badru alisema kwa majivuno.

"Nani alikwambia ilikuwa yake?"

"Mama mkubwa, kwani si ya mumeo?"

"Mume wangu aliiogopa! Nikimpakia, alikuwa akifumba macho mpaka tufike." Sihaba akamsogelea. "Wewe mwenyewe ulizaliwa mzima kwa kuwa Vespa hii ilinifikisha kwa mama yako mapema. Ulishindwa kuniuliza?"

Badru akainamisha kichwa. "Nilijua tu ni chombo cha wanaume."

Sihaba akatoa ufunguo wa nyumba kwenye mkoba, akalikwangua lile jina herufi kwa herufi, mpaka bati likaonekana. Kisha akafunga kanga kiunoni, akapanda, akapiga kiki. Mara ya tatu injini ikaitika.

"Unakwenda wapi? Msafara wa klabu haujaanza!" Badru alipaza sauti.

Sihaba akatia gia. Aliingia barabarani peke yake. Nyuma yake Vespa ishirini zilinguruma pale pale, waendeshaji wakitazamana, hakuna aliyejua kama amfuate.