Suruali ya Mume Katili

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akipima pindo la suruali ya mteja, mteja aliposema neno naye akaitambua sauti yake. Ilikuwa ya mwigizaji wa tamthilia ya televisheni ya saa moja usiku, mume katili ambaye fundi hupiga simu redioni kumponda kila Jumamosi, kwenye kipindi cha maoni ya watazamaji.

Akatema pini kiganjani. "Kumbe ni wewe! Hivi yule mkeo ulimfukuzia nini?"

Kijana akacheka, kisha akashtuka. "Sauti hiyo naijua. Wewe ndiye mama uliyesema nalia kwa jicho moja!"

"Ndiyo. Nikasema pia kwamba hilo jicho moja liliniliza mimi kwa yote mawili."

"Hilo sikulisikia. Nilikuwa nimeshazima redio." Akaangalia chini. "Naacha kuigiza, mama. Suruali hii ni ya usaili, kazi ya ofisini."

Fundi alikuwa bado ameshika pindo. Kitambaa kilikuwa kinatetemeka, na aliyetetemeka hakuwa yeye.

"Usaili wenyewe lini?"

"Kesho asubuhi."

Fundi akakunja futi yake taratibu.

"Basi vua, mwanangu. Itakuwa tayari kesho jioni."