Shauri la Opendi la Kila Asubuhi

Kijidirisha cha kijani kilifunguka tena kwenye skrini Jumatatu asubuhi, na Oriokot akamwaga chai kwenye kibodi.

"Habari za kazi, wananchi. Kompyuta yako imezeeka? Usiitupe. Iwekee Linux Mint, mfumo wa bure, ile nyepesi ya Xfce, gigi mbili za RAM zinaitosha. Anayekuharakisha ununue mpya ana lake."

Ilikuwa sauti ya Opendi, kejeli na yote. Na Opendi hakuwa ameonekana tangu mvua zilipoanza.

Opendi ndiye aliyewatoa watu wa Busia, pande zote mbili za mpaka, kwenye Windows ya wizi. Alizunguka na flashi shingoni, kutoka maduka ya forodha mpaka mashambani Masinya, na kila mashine aliyoigusa aliiachia kidirisha kile: shauri moja kila asubuhi, na chini yake nafasi ya kumjibu. Lakini mashauri yake hayakuishia kwenye kompyuta. Mashine za msaada za shule moja ya Petta zilipopotea njiani, alianza kuuliza kila asubuhi, mbele ya mji mzima, zilipita mikononi mwa nani.

Halafu siku moja kidirisha hakikufunguka.

Mpaka huu umezoea. Tangu enzi za magendo ya kahawa unameza watu, na wakubwa wanainua mabega: labda amevuka. Labda amevuka. Hakuna kaburi rahisi kuchimba kuliko maneno hayo mawili.

Sasa mashauri yalikuwa yamerudi. Oriokot, mwenzake wa dukani, alitoka mbio kwenda kwa Habibah, Mama Nasifa, muuza mchele wa jumla.

"Umekiona?"

"Nimekiona, wallahi. Si niliwaambia? Huyo yuko Majanji kwa wavuvi, anawachungulia tu." Mama huyo alikuwa anacheka huku macho yamemlowa. "Nimemjibu hapo hapo. Uko wapi, mwanangu, na nani anakupikia?"

"Amekujibu?"

"Opendi na kiburi chake? Hajajibu."

"Mama Nasifa, inaweza kuwa programu tu. Mtu anapanga ujumbe wa mwaka mzima, unajituma wenyewe hata akiwa..."

"Hata akiwa nini?"

"Hata akiwa mbali."

Habibah akamtazama, kisha akarudi kwenye mizani yake.

Jumanne kidirisha kilisema: "Poleni na umeme wa jana jioni. Barua yako imepotea? Ingia kwenye mipangilio ya LibreOffice, iamuru ijihifadhi yenyewe kila dakika mbili." Oriokot aliisoma mara tatu. Hakuna anayejua mapema umeme utakatika lini, hata wale wanaoukata.

Akatafuta mashauri yanakotoka. Yalitoka kwenye akaunti ya Opendi, kwa paswadi ya Opendi. Akachomoa waya wa mtandao wa duka lao; asubuhi iliyofuata kinyozi wa jirani akamsomea shauri kwa sauti kupitia ukutani, akilifurahia. Oriokot akaacha kula. Kila feni ya kompyuta iliyoanza kuzunguka ilimfanya ageuke, kama mtu aliyepumuliwa kisogoni.

Na Jumamosi ilikuwa inakuja. Kwa kina Opendi, kule Petta, mtu akipotea na mwili usipatikane, wanazika tunda la yago, lile refu zito kama mkono wa mtu, ili roho ipate pa kulala. Tunda likishafukiwa, hakuna atakayetafuta tena. Wazee walishakubali. Oriokot mwenyewe ndiye aliyelikata tunda na kulipakia kwenye bodaboda, akalifikisha hadi uani. Aliyekataa ni mmoja tu, Athieno, mke wa Opendi.

"Shem, mwache apumzike," Oriokot alikuwa amemwambia.

"Wewe ndiye umechoka, shem. Yeye hajasema amechoka. Nizike tunda na mume wangu anaandika kila siku?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Mashauri yakiendelea, hakuna mazishi.

Ijumaa kidirisha kilikuja kimechelewa kidogo.

"Faili uliyoifuta haijaenda popote. Kilichoondolewa ni jina lake tu. Yenyewe ingali pale pale ilipolazwa, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sakinisha PhotoRec, programu ya kufufua faili, wananchi. Fukueni mapema."

Oriokot alisoma amesimama. Nje malori yalikuwa yanasubiri kuvuka, madereva wanatukanana kwa lugha nne. Hakuyasikia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliweka kidole kwenye ile nafasi ya kujibu, na akaandika bila kuketi: "Nani anaandika haya?" Akatuma.

Hazikupita dakika nyingi mlango ukafunguliwa. Aliingia Athieno, na nyuma yake ndugu wa Opendi, wale waliokuwa wamekuja kwa mazishi ya kesho; kumbe walikuwa wakingoja nje. Hawakusalimu. Athieno akaketi kwenye kiti cha mumewe, simu mkononi.

"Umekonda, shem."

"Ni hii kazi."

"Paswadi aliniachia mimi," akasema taratibu. "Nikawaandikia watu wake wote, Busia mpaka Tororo. Na wote wamejibu. Mama Nasifa, padri, hata yule askari wa forodha aliyekuwa akigombana naye. Kila mmoja ameuliza Opendi yuko wapi."

Akamgeuzia simu ajionee.

"Wewe peke yako umeuliza anayeandika ni nani."