Marufuku Kuleta Chuma

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, alasiri, Mwalimu Isidori alisimama mbele ya wanafunzi wake akiishikilia suruali kwa mikono miwili. Mkanda wake, kwa kuwa ulikuwa na bizimu ya chuma, ulikuwa umechukuliwa na mwanafunzi.

Mwanafunzi huyo ni Mwanne, ambaye watu wa Msimbazi, Kariakoo, humwita Mama Zamzam.

"Utanisamehe, mwalimu," alisema. "Leo hata wewe ni mtuhumiwa."

Uani mwa darasa letu la watu wazima kulikuwa na kisanduku cheupe cha plastiki, na ndani yake chombo cha kupima usumaku wa dunia. Jua likichafuka, usumaku huo hutikisika. Mtikisiko ukizidi, huingiza umeme usiotakiwa katika nyaya ndefu na kuunguza transfoma. Wenye viwanda walitaka kuijua hali ya hapa hapa mjini, si ya nchi za mbali.

Mhandisi Bhoomi alipokuja kutafuta mlinzi wa kisanduku, aliuliza swali moja: nani anaweza kusoma maelekezo? Mwanne alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na hakuwahi kupewa kazi kwa sababu ya kujua kusoma.

Maelekezo yalisema chuma kisikaribie. Aliyatekeleza kwa bidii iliyotuchosha sote. Alimfukuza Siti, muuza maandazi, na karai lake. Aliwavua wanafunzi wenzake pini za nywele. Kisha akaandika bango kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KULETA CHUMA HAPA. Lilikuwa andiko lake la kwanza mbele ya hadhara, nasi tulilisoma kwa sauti moja na kumpigia makofi. Alilitundika kwenye mti, juu kidogo ya kisanduku, kwa kamba ya katani. Msumari, alitukumbusha, nao ni chuma.

Pamoja na ulinzi wote huo, kila alasiri upepo wa baharini ulipofika, chombo kilitangaza dhoruba ya usumaku ambayo hakuna mahali pengine duniani palipoiona. Ilikuwa kana kwamba jua limeikasirikia Msimbazi peke yake.

"Shikamoo, mama," alisema Bhoomi siku hiyo, akiwa ameketi mbali na kisanduku, kompyuta yake mapajani. "Tusipokipata kinachosumbua leo, kesho nakihamishia kisanduku Kigamboni. Huko wana mlinzi wao."

"Marahaba, mwanangu. Hakihami. Mhalifu ninamjua."

Alimgeukia Tarsis, mchukuzi wa mizigo, ambaye alikuwa ameingia kuomba maji ya kunywa.

"Mimi tena, Mama Zamzam? Mkokoteni nimeuacha barabarani. Hata vifungo vya shati ni plastiki!"

"Fungua mdomo. Hilo jino limezibwa na nini?"

"Sasa unataka niling'oe?"

"Nikilihitaji nitakuambia."

Upepo ukaja. Bango likaanza kujigonga kwenye mti, na mstari wa vipimo kwenye kompyuta ukaanza kuruka.

"Imeanza," alisema Bhoomi.

Mwanne akavua hereni. Mstari ukaruka. Akavua bangili. Ukaruka. Akaanza kuihangaisha pete ya ndoa, ambayo kidole kilikuwa kimeshaizoea. Bhoomi akamwambia kwamba dhahabu haina neno. Mwanne akajibu kwamba yeye hapendelei mtu, akaivuta mpaka ikatoka, akamkabidhi mwalimu, ambaye aliipokea kwa mkono mmoja na kujuta papo hapo.

Mstari uliendelea kuruka.

Mwanne akaketi chini, kwenye vumbi. "Basi, mwanangu, kichukue," alisema kwa sauti ya chini. "Kazi hii ilihitaji msomi wa kweli."

Hakuna aliyecheka. Tarsis, ambaye alikuwa na kila sababu ya kufurahi, alimsogelea ampe pole.

"Pole, Mama Zamzam."

"Unasemaje?"

"Nasema pole! Bango lako hili kelele zake, hata pole haisikiki." Akanyoosha mkono, akalishika lisicheze.

Mstari ukatulia.

Tarsis akaliachia. Mstari ukaruka.

"Hebu lishike tena," alisema Bhoomi.

Akalishika. Ukatulia.

Bhoomi akainuka, akalisogelea bango, akalisoma polepole kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Halafu akaligonga kwa ukucha, na uani mzima tukasikia mlio safi wa bati jipya.

Nawe uliyesoma, mpe jirani yako naye asome. Ila mpe kwenye karatasi.