Kilio cha Mwanambuzi

Bweha alikuwa amekwisha kula wanambuzi watano wa Mzee Kirumbi. Jioni hiyo, nje ya mji, Kirumbi alitundika ngozi ya mbuzi kichakani ipeperuke kama mnyama hai, akawasha spika yenye kilio cha mwanambuzi, akajibanza na mkewe nyuma ya jiwe, bunduki mkononi.

Spika ililia mara mbili, ikazimika.

“Chaji imekwisha, Mama Senga,” akanong'ona.

“Hebu sogea.”

Mama Senga akabana pua kwa vidole, akalia kama mwanambuzi aliyepotezana na mama yake. Miaka thelathini ya ndoa, Kirumbi hakuwahi kuisikia sauti hiyo.

Bweha akaja mpaka kwenye ngozi, akasimama kusikiliza. Bunduki ilikuwa imemlenga sawasawa. Lakini Mama Senga alikuwa bado analia, amefumba macho, na Kirumbi hakuona vizuri kumkatiza.